Uvungu wa Nyumba ya Baba

Nyumba ya baba yangu pale Akheri ilikuwa ya mbao tupu. Ilikaa juu ya nguzo za mawe zenye kimo cha goti, na chini yake upepo ulikuwa unapita. Kuku walitagia humo. Sisi watoto tulitambaa humo kuokota mayai, tukatoka na vumbi mpaka kwenye kope. Narudia, vumbi, maana kwetu mteremkoni, ambako migomba hudondosha maji mpaka saa nne asubuhi hata kama mvua haikunyesha, si rahisi kupata mahali pakavu kiasi hicho mwaka mzima. Mimi ni mwalimu wa sayansi katika shule ya msingi. Kwa zaidi ya miaka ishirini nimewafundisha watoto wa darasa la tano habari za mvuke, nikiwaonyesha glasi ya maji baridi inavyotoka jasho mezani. Sikuwahi kujiuliza uvungu ule ulipata wapi vumbi lake.

Baba hakufundishwa mvuke na mtu yeyote. Alikuwa mkulima wa kahawa na ndizi, na ujanani alifanya kazi kwenye kiwanda cha kupasua mbao, ndiko alikopata mbao za kujengea na akili ya kuzitunza. Asubuhi hakufungua dirisha mpaka jua lipige bati na umande ukauke. Ukifungua mapema, alisema, unayakaribisha maji ndani. Saa nne alifungua yote, akianzia upande wa bondeni, na saa tisa na nusu, ukungu ulipoanza kushuka kutoka msituni, aliyafunga yote. Jioni aliwasha moto sebuleni, kwenye meko yenye dohani ya mawe, hata siku isiyo na baridi. Vitanda vilikaa mbali na ukuta, upana wa kiganja. Mara mbili kwa mwaka, kabla ya vuli na kabla ya masika, alijilaza chali chini ya nyumba na kopo la oili chafu, akaipaka mihimili yote, kisha akaigonga kwa kifundo cha kidole, mmoja baada ya mwingine, amefumba macho anasikiliza. Mama alikuwa anamcheka. Mgeni akija kumuulizia mzee, mama alimjibu, "Msubiri kidogo, yuko kwa mke mdogo."

Mama alipofariki, tulikaa sebuleni baada ya matanga, sisi ndugu wanne, tukamshauri baba ahamie mjini. Anayeishi karibu ni mimi, Kijenge, kwenye nyumba ya tofali tuliyojenga na mume wangu. Baba alituacha tukaongea tukamaliza. Kisha akasema anaomba jambo moja tu, hana lingine. Amalizie siku zake ndani ya nyumba ile, na siku ya kutoka, atoke amebebwa. Aliposema hivyo alikuwa ananitazama mimi, si wengine. Nikamwambia, "Baba, mimi niko hapa jirani. Hilo niachie mimi." Tangu hapo nilikuwa napanda Akheri kila Jumamosi, na nilijiona mtoto wa mfano.

Kisha mtoto wangu wa mwisho akafika kipaimara, na nikaamua sherehe ifanyike kwa babu yake. Asiyetujua atadhani kipaimara ni jambo la kanisani tu. Kwetu ukoo wa pande zote mbili unakuja, na unakuja na macho. Mume wangu ni Mchaga. Wakwe zangu ni watu wa Marangu, nyumba yao imepigwa vigae mpaka barazani, hata ngazi zinateleza. Mama mkwe hajawahi kuniambia neno baya, lakini mimi nilikuwa nimeshaanza kuyajibu maneno ambayo hajayasema. Nilimwona kichwani mwangu anashuka kwenye gari, anaitazama nyumba, anaona uvungu na kuku na magunia yaliyochakaa, halafu ananyamaza. Kimya hicho, ambacho nilikitunga mwenyewe, kilininyima raha kwa mwezi mzima.

Basi wiki mbili kabla ya sherehe nikaleta mwashi. Nilimwambia azibe uvungu wote kwa tofali za saruji, nguzo hadi nguzo, apige plasta na kupaka rangi ya maziwa, ili nyumba ionekane ina msingi kama nyumba za watu. Ndani nikatandika kapeti la plastiki lenye maua, ukuta hadi ukuta. Meko niliyafunika kwa plaiwudi, na mbele yake nikaweka meza ya televisheni, maana moshi ungeyachafua mapazia mapya. Kitanda cha baba nikakisukuma mpaka kikagusa ukuta, chumba kionekane kikubwa. Nilitoa amri kulia na kushoto, kitenge kiunoni, na nilikuwa na furaha ambayo leo inanitia aibu kuikumbuka.

Baba alitokea mwashi akiwa amebakiza upande mmoja. Alisimama na fimbo yake, akatazama kwa muda.

"Na huku chini patapumulia wapi?" aliuliza.

"Mzee, hii ndiyo ya kisasa," mwashi alimjibu. "Hata panya hatii mguu."

Mimi nikacheka. Nikasema, "Baba, pumzisha kichwa bwana. Nyumba yako leo imevaa viatu."

Vibarua wakaangua kicheko. Baba naye akatabasamu kidogo, akasema, "Sawa, mwalimu," akaenda kwa ng'ombe wake. Alikuwa ananiita mwalimu anapotaka kunitania, na pia anapoona hakuna haja ya kubishana. Siku ile sikuhangaika kujua ilikuwa ipi kati ya hizo mbili.

Sherehe ilifana. Tulipika machalari ya ndizi na nyama, na loshoro ya mahindi na maziwa ya kutosha, kwaya ikaimba, na binti yangu alipendeza kwenye gauni lake jeupe mpaka baba yake akatokwa na machozi. Watu wa Akheri waliusifia msingi. Mama mkwe alifika saa saba, akakaa chini ya turubai karibu na meza ya chakula, akala vizuri, akacheza kidogo na wajukuu, na saa kumi na moja akaaga. Hakuingia ndani ya nyumba hata mara moja. Sidhani kama aliuona ule msingi, na kama aliuona hakuutaja.

Masika yakaanza Machi, na mwaka ule hayakuwa na mzaha. Mjini mvua ni matope na mitaro iliyoziba. Akheri mvua ikishika unaishi ndani ya wingu, nguo hazikauki kwenye kamba wala chumvi kwenye kopo. Jumamosi ya pili nilipofungua mlango nilipokewa na harufu ya viazi vilivyosahaulika guniani. Nikamlaumu mama jirani aliyekuwa anampikia baba na kumsafishia, nikamwambia anafagia juujuu. Nikanunua dawa ya kunukisha vyumba, nikapuliza kila kona. Wiki iliyofuata kola ya koti la baba la kanisani ilikuwa imeota kuvu, kitabu chake cha nyimbo kilikuwa kimevimba hakifungiki, na ukuta wa nyuma ya kitanda ulikuwa na madoa meusi. Niliyafuta madoa kwa maji ya dawa, nikasubiri kidogo, nikayapaka vanishi. Mwalimu mzima wa sayansi nilichukua brashi nikapaka vanishi juu ya kuvu, kisha nikarudi nyuma hatua mbili kuangalia kama kunang'aa.

Baba akaanza kukohoa. Nilimpeleka hospitali, na daktari akauliza kama nyumba anayolala ina unyevu. Nikajibu upesi kwamba nyumba ni nzuri, tumeitengeneza juzijuzi tu.

Aprili nilikuta tofali moja limetolewa nyuma ya nyumba, upande wa bondeni. Saruji ilikuwa imechokolewa taratibu kulizunguka, na tofali lenyewe limeegeshwa pembeni bila kuvunjika. Nikawa mbogo. Nilimwita mwashi siku hiyohiyo akalirudisha kwa saruji nyingi kuliko mwanzo. Wiki mbili baadaye nikakuta yametolewa mawili. Nikayarudisha tena, na safari hii nikasimama uani nikapaza sauti majirani wote wasikie, kwamba atakayegusa msingi wa mzee atanitambua. Baba alikuwa amekaa barazani na blanketi mabegani, ananisikiliza. Vifundo vya vidole vyake vilikuwa na michubuko mibichi. Niliiona. Nikadhani ameteleza shambani, nikampaka dawa, nikamgombeza kwa kutoka nje wakati wa utelezi, naye akaniachia mikono yake.

Alikuwa ni yeye. Mzee aliyevuka miaka themanini, mwenye kifua kibovu, alikuwa anapiga magoti kwenye matope na patasi kuitafutia nyumba yake hewa, na mimi nilikuwa nafuata nyuma yake naziba. Nimeliwaza jambo hili mara nyingi kuliko lingine lolote maishani mwangu. Ningemuuliza tu mikono ina nini, labda angeniambia.

Mwishoni mwa Mei, Jumamosi mchana, nilimkuta barazani amepakata mto wake wa kulalia. Alipoinuka asubuhi ile, mguu mmoja wa kitanda ulikuwa umezama sakafuni. Hakuwa ameumia. Hakuwa amemwita mtu wala kumwambia mama jirani, alichukua mto wake akatoka nje kunisubiri. Niliingia chumbani. Kapeti lilikuwa zima kabisa, maua yake yamebonyea tu pale kwenye kona, na chini ya maua hapakuwa na kitu.

Nilimwita seremala mmoja mzee wa pale Akheri, aliyeshirikiana na baba tangu nyumba inajengwa. Alichana kapeti. Mbao za chini zilikuwa nyeusi na zimelowa, akachukua kipande akakimega kwa vidole kama kiporo cha ugali. Kisha akatoka nje, akabomoa tofali tatu, akamulika tochi, akaniambia nipige magoti nione mwenyewe. Maji yalikuwa yametuama uvunguni. Yale yanayoshuka mteremkoni yalipenya kwa upande wa juu, na kwa upande wa chini hayakuwa na njia, kwa sababu njia niliiziba mara tatu. Chini ya kila ubao matone yalikuwa yananing'inia, mengi, yamejipanga. Nilikuwa naitazama glasi yangu ya darasa la tano.

"Nyumba hii haijafa kwa uzee," seremala alisema. "Imekosa hewa. Nani aliziba huku?"

Jibu lilikuwa neno moja, na nilikuwa nalo mdomoni. Badala yake nikaanza kujiumauma. "Unajua kulikuwa na fundi mmoja wa mjini, alisema kwamba..."

"Mimi ndiye niliyesema wazibe," baba alisema kutoka barazani. "Kuku walikuwa wananisumbua."

Seremala akamgeukia. Watu wale wawili walikuwa wamelala chali pamoja chini ya nyumba ile miaka na miaka, mmoja ameshika kopo la oili, mwingine brashi. Alimtazama baba, akanitazama mimi, kisha akatazama chini na kuzima tochi.

"Sawa, mzee," alisema.

Hakuamini. Nilijua haamini, na baba naye alijua, na bado nilinyamaza nikamwacha baba yangu abebe mzigo wangu mbele ya rafiki yake. Kuziba uvungu nilikosea kwa ujinga na majivuno. Kunyamaza siku ile sina kisingizio.

Seremala alisema sakafu yote ing'olewe, pamoja na mihimili na safu za chini za kuta, kisha pasubiriwe kiangazi pakauke ndipo zije mbao mpya. Baba akaja kwangu Kijenge na begi moja. Tulikubaliana ni kwa muda tu. Nyumbani Kijenge nilimpa chumba cha mbele chenye jua. Siku ya kwanza alipitisha kiganja kwenye ukuta, akaugonga kwa kifundo, akatega sikio, halafu akacheka peke yake, maana tofali halisemi kitu. Aliendelea kufungua madirisha saa nne na kuyafunga saa tisa na nusu, ingawa Kijenge hakuna ukungu wa kuogopa. Ndugu zangu walipopiga simu kuuliza imekuwaje, niliwaambia mchwa. Niliwaambia mmoja mmoja, wote watatu, nikiwa nimekaa sebuleni, na mlango wa chumba cha baba ulikuwa wazi.

Kazi ya Akheri ilikwenda kwa kusuasua. Julai sakafu iling'olewa. Agosti mbao zilizoletwa zilikuwa mbichi, seremala akazikataa. Ningeweza kuhangaika zaidi, kwenda Tengeru, kwenda Usa, kumsumbua kila muuza mbao. Lakini shule zilikuwa zimefunguliwa, na baba alikuwa mahali pakavu, anakula vizuri, na mimi nikajiambia haraka ya nini. Hili nalo ninalijutia. Yeye hakulalamika, ila kila Jumamosi niliporudi kutoka kule alikuwa ananisubiri getini, amevaa koti.

Asubuhi moja, nikimpa uji, yalinitoka bila kupanga.

"Baba, aliyeziba uvungu ni mimi."

"Najua, mama. Si nilikuwepo?"

"Sasa mbona hukunikataza?"

Aliweka kikombe chini. Alikuwa anapumua kwa shida siku zile, kila sentensi aliigawa mara mbili.

"Wakwe zako walikuwa wanakuja. Nikikukataza mbele ya mafundi ningekuaibisha, na ulikuwa umefurahi vile." Akapumzika kidogo. "Nilidhani wageni wakishaondoka utafungua."

Tangu sherehe mpaka masika kulikuwa na miezi mitatu ya jua.

"Na tofali?" nikamuuliza.

"Nilijaribu kukusaidia kidogo. Lakini wewe mwanangu una bidii."

Akacheka mpaka akakohoa. Mimi nililia. Nilitaka anigombeze, anipigie kelele kama alivyofanya siku nilipomwacha ndama akala miche yake ya kahawa, nijue nimeadhibiwa na yamekwisha. Alinyanyua kikombe, akaniambia uji umepungua sukari.

Septemba akafariki, asubuhi, katika chumba kile cha mbele. Mihimili mipya iliyokuwa imewekwa Akheri ilikuwa mitatu.

Kwetu, siku ya maziko, mwili ukitoka mochwari unapelekwa kwanza nyumbani. Jeneza linaingizwa sebuleni, watu wa ndani wanabaki nalo peke yao kwa dakika chache, ndipo linatolewa nje kwa ibada. Kaka yangu mkubwa alikuwa ameingia kutoka Mwanza asubuhi ileile na hakuwa amepata nafasi ya kuiona nyumba, nami sikuwa nimemwambia kwamba haina sakafu. Alikuwa mbele ya waliobeba. Alipanda ngazi, akasukuma mlango, akawaambia waliokuwa nyuma yake, "Haya, tumuingize mzee." Kisha akasimama. Ndani kulikuwa na udongo, nguzo za mawe, na mihimili mitatu.

Akageuka. Uani palikuwa na ukoo wote, wazee wa usharika, wakwe zangu wa Marangu, na seremala, kofia yake mkononi.

"Mchwa wamekula sakafu yote hii?" kaka aliniuliza.

"Si mchwa," nilisema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. "Niliziba uvungu mimi, kwa ajili ya kipaimara. Baba aliniuliza patapumulia wapi, nikamcheka."

Mama mkwe alinisogelea akanishika mkono. Kaka alitazama tena ndani, kisha akauvuta mlango taratibu mpaka ukafunga. Waliobeba walikuwa wameanza kuchoka, na mmoja wao akauliza waliweke wapi. Kaka akawaonyesha nyasi zilizo chini ya turubai. Wakamshusha hapo, hatua tano kutoka mlangoni kwake, na ndipo tulipomuagia.